Vumbi Kwanza, Mota Baadaye: Kioo cha Gari Kinacholia Kahama

Gari lililozoea barabara ya Kahama kwenda Kakola hujulikana kwa vioo vyake. Kimoja kinagonga ndani ya mlango kila gurudumu linapoingia shimoni. Kingine kinapiga mluzi gari likishika mwendo. Cha dereva, ambacho hushushwa na kupandishwa kutwa nzima kwa ajili ya nauli, salamu na chupa ya maji, kinalia kikipanda na kusitasita katikati. Wenye magari wengi huchagua moja kati ya mawili: kuongeza sauti ya redio, au kwenda gereji na kuambiwa kwamba mota imechoka, itafutwe nyingine. Hoja ya makala haya ni kwamba katika ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Kahama na Msalala hadi Bukombe na Geita, kelele nyingi za vioo huanzia kwenye vumbi lililojaa ndani ya raba, na kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusafisha. Kazi hiyo inafanyika nyumbani, kwa vitu vilivyomo nyumbani, na inapaswa kutangulia ununuzi wa spea yoyote. Anayeiruka analipia kifaa ambacho kitauawa na vumbi lile lile lililoua cha kwanza.

Vumbi lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. Dhahabu ya Bulyanhulu, mgodi uliofunguliwa mwaka 2001, imelala kwenye mikanda ya kwatsi, lile jiwe jeupe gumu ambalo wachimbaji wadogo hulipeleka kwenye makarasha likasagwe. Miamba ya graniti iliyotapakaa Usukuma na Unyamwezi nayo imejaa kwatsi. Mvua na jua vikiila miamba hiyo miaka nenda miaka rudi, madini mengine hubomoka yakawa udongo, ila kwatsi hubaki punje. Ndiyo maana ndani ya vumbi jekundu la barabara zetu mna mchanga mkali. Katika kipimo cha ugumu wa madini alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812, kinachoanzia 1 kwa talki na kuishia 10 kwa almasi kama zile za Mwadui, kwatsi ipo kwenye 7. Kioo cha dirisha hakifiki hapo. Kwa hiyo punje ya vumbi la Kahama inaweza kukichora kioo, na kioo hakiwezi kuifanya kitu. Tazama kioo cha dereva cha gari lililokaa huku muda mrefu, jua la jioni likiwa limeinama, utaona mistari myembamba iliyosimama wima. Imechorwa na punje zilizonasa kwenye raba huku kioo kikipanda na kushuka juu yake. Na si kioo peke yake kinachoumia. Mwaka 1997 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, IARC, iliiweka silika ya fuwele kama kwatsi, inapovutwa kazini, kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la barabarani halilingani na la ndani ya duara, yaani shimo la mchimbaji, na msafiri wa mara moja moja hana sababu ya kuingiwa na hofu. Lakini dereva anayeshinda ndani yake kiangazi chote ana haki ya kujua kwamba pengo linalopitisha mluzi ndilo hilo hilo linalopitisha vumbi analolivuta.

Ili kuona vumbi linavyogeuka kelele, inabidi kujua kioo kimeshikwaje. Kimezungukwa na raba yenye mfereji, inayopanda upande mmoja wa fremu ya mlango, kupita juu na kushuka upande wa pili. Ndani ya mfereji huo kuna manyoya mafupi laini, yaliyogandishwa kwenye raba ili kioo kiteleze bila kukwaruzwa. Pale kioo kinapozama mlangoni kuna raba mbili ndefu zilizolala, moja nje na moja ndani, zinazokifuta kila kinapopita. Chini zaidi ndipo ilipo mashine ya kioo, ama ya mikono ya chuma inayokunjuka na kukunjana, ama ya waya unaozungushwa kwenye magurudumu madogo ya plastiki, na mota inayoiendesha. Mpangilio huu wote unategemea raba iwe laini na manyoya yawe safi. Vumbi likijaa, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Manyoya yanalala na kugandamana, kioo kinakosa kitu laini cha kukiegemeza, na kinaanza kugonga. Papo hapo msuguano unaongezeka, kwa hiyo kinapanda kwa taabu na kulia. Ndiyo sababu kioo kimoja kinaweza kuwa kimelegea na kubana kwa wakati mmoja, jambo linalowachanganya wengi. Kuna pia suala la umri. Magari mengi yanayotembea hapa, Probox, IST, Noah, Corolla na Hiace, yalitumika kwanza Japani, ambako ukaguzi wa lazima wa serikali, baada ya miaka mitatu ya mwanzo na kisha kila miaka miwili, huwasukuma watu kuyauza yakiwa bado yanatembea vizuri. Injini inafika ikiwa na maisha mbele yake. Raba inafika ikiwa imeshazeeka, kisha inakabidhiwa jua na vumbi la Shinyanga.

Sasa tuje kwenye mota, maana hapo ndipo fedha zinapopotea. Mota ya kioo kwa kawaida ina kinga ya joto ndani yake. Ikilemewa hadi ikapata moto, umeme unakatika wenyewe, na baada ya dakika chache inapoa na kurudi kazini. Kioo kinachogoma saa nane mchana na kupanda bila shida jioni mara nyingi kinaeleza habari hiyo. Magari yenye kioo kinachopanda chenyewe kwa mguso mmoja yana kinga nyingine, iliyowekwa ili mkono au shingo ya mtoto isibanwe: kioo kikikutana na kizuizi njiani, kinageuza na kushuka. Mfereji uliojaa vumbi unatosha kuiamsha kinga hiyo. Dereva anaona kioo kimefika robo tatu, kimerudi chini. Anaambiwa umeme una matatizo, na swichi inabadilishwa bure. Katika hali zote mbili kifaa kinacholaumiwa kinafanya kazi yake sawasawa. Kosa hili halifi kwa sababu moja ya kueleweka kabisa: ukifunga mota nyingine yenye nguvu zaidi, itakisukuma kioo kupita kwenye uchafu ule ule kwa miezi kadhaa, na kila mtu ataridhika kwamba ugonjwa ulikuwa mota. Baadaye meno ya plastiki ya mota yanalika au waya wa mashine unaanza kuchanika nyuzi, na safari ya kwenda kwenye maduka ya spea inarudiwa.

Mtu atauliza, je, mota hazifi? Zinakufa. Kaboni zake zinaisha, maji yanaingia, meno yanakatika. Ninachokitetea ni utaratibu wa kushuku, kutoka kisichogharimu kitu kwenda kinachogharimu. Kusafisha kunachukua muda mfupi. Baada ya kusafisha, injini ikiwa inaunguruma ili betri isidanganye, pandisha kioo hicho na cha mlango wa upande wa pili kwa pamoja. Vikienda sawa, hukuwa na ugonjwa wa mota. Kimoja kikibaki nyuma sana na raba zote mbili ni safi, hapo una ushahidi wa kumpelekea fundi.

Kabla ya kufungua chochote, kelele isikilizwe. Pita na mtu mwingine kwenye kipande kimoja cha barabara mbovu mara tatu: kioo kikiwa kimepanda hadi mwisho, kikiwa nusu, na kikiwa kimezama chote. Kinachogonga kikiwa nusu na kunyamaza kikipanda hadi mwisho kimekosa pa kuegemea ndani ya mfereji, au vishikizo vinavyokiongoza huko chini vimelegea. Kinachogonga kikiwa kimezama tu kinagusa chuma, kwa sababu kile kiraba kinachokipokea chini kimedondoka. Na kelele isiyobadilika hata kidogo, kioo kiwe juu au chini, si ya kioo: itafutwe kwenye kitasa, kwenye spika, kwenye nyaya zilizochomoka mahali pake, au kwenye kava la mlango lililowahi kufunguliwa na kurudishwa na nusu ya vibanio. Abiria aweke kiganja kwenye kioo wakati kinagonga. Kikinyamaza, umempata mhusika. Iko pia kelele isiyo hitilafu hata kidogo, ule mvumo mzito unaopwita masikioni dirisha moja la nyuma likiwa wazi kwenye mwendo. Ni hewa ya ndani ya gari inayopumua kwenye tundu moja. Fungua dirisha la pili kidogo, utakoma.

Kusafisha kwenyewe kunataka uvumilivu kuliko ujuzi. Gari liwe kivulini. Shusha kioo hadi chini, kisha anza pakavu: chukua mswaki wa zamani, upitishe ndani ya mfereji kutoka juu kwenda chini, ukichokonoa pembe za juu ambako vumbi hujibana. Ukianza na maji unatengeneza tope, na tope likikauka ndani ya manyoya linakuwa gumu kuliko ulivyolikuta. Vumbi jepesi likishatoka, tafuta kijiti bapa chenye upana wa kidole, ukizungushie kipande cha fulana kuukuu, ukichovye kwenye maji yenye sabuni kidogo ya maji, ukikamue, halafu ukisukume ndani ya mfereji na kukivuta kuelekea chini. Kitambaa cha kwanza kitatoka na rangi ya barabara yenyewe. Geuza upande safi, rudia, badilisha kitambaa, hadi kitoke kama kilivyoingia. Zile raba mbili zilizolala zinahitaji kufunguliwa midomo kwa kidole na kupitishiwa kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake, ikiwa imefunikwa kitambaa. Usitumie bisibisi, itazikata. Pandisha kioo nusu na ufute kingo zake, ile sehemu ambayo siku zote imejificha ndani ya raba na haijawahi kuguswa na muosha gari yeyote. Kama kuna tinti iliyoanza kubanduka pembeni, ikate pale ilipoachia, kwa sababu kila kioo kinapopanda inajikunja ndani ya mfereji. Mwisho, inama uangalie ukingo wa chini wa mlango. Utaona matundu madogo ya kutolea maji ya mvua. Yakizibwa na udongo, maji yanabaki mlangoni, yanachezacheza gari likikata kona, yanaozesha bati na kuinyemelea mota. Njiti moja inatosha kuyazibua. Acha vioo vikiwa chini hadi mifereji ikauke kabisa.

Cha kupaka ndicho kinachozua ubishi mkubwa, na hapa nasimama upande mmoja bila kuyumba: oili ya injini, grisi, mafuta ya taa na dizeli visiguse raba ya kioo. Raba za milango za magari ya kisasa hutengenezwa zaidi kwa mpira unaoitwa EPDM, ambao unavumilia jua na mvua vizuri sana lakini unavimba na kulegea ukikutana na mafuta yanayotokana na petroli. Madhara ya pili huku kwetu ni makubwa zaidi: mafuta yanashika vumbi. Grisi na kwatsi zikichanganyika zinakuwa dawa ya kusagia, sawa na ile wanayopaka mafundi injini kwenye vali kwa makusudi ili zisagike. Atakayekwambia kwamba alipaka oili na kioo kikanyamaza anasema kweli. Kilinyamaza wiki moja. Kinachofaa ni silikoni ya kupuliza, ile inayokauka bila kuacha utelezi wa mafuta, kidogo tu ndani ya mfereji, kisha kioo kipandishwe na kushushwa mara kadhaa na kufutwa. Isirukie kioo cha mbele, maana mvua ikinyesha usiku wipa zitakiachia ukungu wa mafuta mbele ya macho yako. Kwa ile raba nene inayozunguka mlango, ambako hakuna kioo kinachoteleza, glisirini ya kawaida inayouzwa kwenye maduka ya dawa inafanya kazi nzuri ya kuilainisha bila kuidhuru. Ipakwe kwa kitambaa na ifutwe hadi mkono usinate, kwa sababu nayo ikibaki nyingi inakusanya vumbi. Usipokuwa na silikoni, usipake kitu. Mfereji mkavu ulio safi ni bora kuliko wenye mafuta.

Mluzi wa upepo una kesi yake, na hapa ndipo hoja ya lami inapoingia. Wapo wanaosema tusubiri: barabara ya Kahama hadi Kakola, zaidi ya kilomita 70, ikiwa ya lami yote, vumbi litakwisha na kelele nayo. Lami itapunguza vumbi, itapunguza mtikisiko, na watu wa Msalala wameingoja muda mrefu kuliko walivyostahili. Lakini lami huleta mwendo, na mwendo ndio chakula cha mluzi. Nguvu ya kelele ya upepo kwenye mapengo na kingo za gari huongezeka takriban kwa kipeo cha sita cha mwendo. Gari likitoka kilomita 50 kwa saa likafika 100, nguvu hiyo inakuwa kama mara 64. Pengo lililonyamaza kwenye changarawe litapiga kelele kwenye lami ya Isaka kwenda Ushirombo, ile barabara kuu ya malori ya Rusumo. Na hata lami ikifika Kakola, njia za kwenda kwenye machimbo madogo, kwenye mashine za mpunga na kwenye mitaa ya pembeni zitabaki za vumbi kwa miaka mingi. Gari litakuwa likivuta vumbi asubuhi na kupiga mluzi jioni.

Uzuri ni kwamba vumbi lenyewe linatoa ushahidi wa bure. Baada ya safari ya kiangazi, kabla gari halijaoshwa, fungua mlango utazame bati pale raba inapolalia. Mahali raba inapobana utakuta mstari safi. Mahali isipobana vumbi limeuvuka mstari na kuingia ndani, na linaonyesha kabisa lilikopita. Weka alama ya chaki hapo. Kisha fungia noti ya shilingi elfu moja kati ya raba na bati, uivute taratibu: ikitoka kwa kukinza, raba ni nzima, ikichomoka yenyewe, umethibitisha pengo. Anayetaka uhakika zaidi azibe pengo moja kwa selotepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, aende kwa mwendo ule ule kwenye barabara ile ile, kisha azibe jingine. Mara nyingi dawa ni kuirudisha raba iliyochomoka kwenye ukingo wake, au kuiosha na kuilainisha ile iliyokauka. Iliyolala kabisa inaweza kupitishiwa mpira mwembamba ndani ya uwazi wake ili isimame tena, ingawa hiyo ni tiba ya muda ya kungojea nyingine. Kama raba ni nzima na mlango wenyewe ndio haukai sawa, sogeza kidogo kile chuma kilicho kwenye nguzo kinachong'atwa na kitasa. Chora kwanza kuzunguka kilipo sasa, ukikosea ujue pa kukirudisha. Usisahau vile vikinga mvua vya plastiki juu ya dirisha. Kimoja kikibanduka ncha, kinapiga mluzi unaoweza kukufanya ununue raba nne bila sababu.

Dawa ya mtaani inayojulikana kuliko zote ni kipande cha kandambili kinachochomekwa kati ya kioo na raba. Kinanyamazisha papo hapo, na kama kipimo kina faida: kikifanya kazi, umejua kwamba tatizo ni mfereji. Kama tiba, kinaharibu. Kinaisukuma raba mbali na kioo pande zote mbili za kipande, kwa hiyo kinafungua milango miwili ya vumbi pale palipokuwa na mmoja. Tena kinakikandamiza kioo ukingoni. Vioo vya milango vimetiwa moto na kupozwa ghafla kiwandani ili viwe vigumu na vikivunjika vimwagike punje ndogo badala ya vipande vikali. Ugumu wao uko usoni, udhaifu wao uko kwenye kingo. Kioo kilichowahi kumeguka ukingoni, kikabanwa mahali pamoja na kupigishwa mashimo, kinaweza kumwagika chote mara moja. Kuna pia tabia ya abiria wa michomoko, yale magari madogo ya abiria, ambayo madereva wanaijua vizuri: mtu anashuka, anashika kioo kilichoshushwa nusu, anaufunga mlango kwa kuvuta kioo hicho. Mara nyingi kwa siku, siku zote za wiki. Kioo kinapindishwa kwenye vishikizo vyake, na hapo hakuna usafi utakaosaidia hadi tabia ikome. Dereva anayewaambia abiria washike kitasa anatengeneza gari lake kwa mdomo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mkate wa fundi. Kahama ina vijana wengi wanaoishi kwa gereji, na kuandika kwamba kazi ifanyike nyumbani kunaweza kuonekana ni kuwakatia riziki. Sidhani hivyo. Kazi ninayoizungumzia hapa kwa sehemu kubwa haifanywi na mtu yeyote. Gereji haiiwekei bei, kwa sababu ni ndogo. Mwenye gari haifanyi, kwa sababu anadhani ni ya gereji. Fundi anayeletewa gari na kuambiwa "kioo kinalia" hana budi kubahatisha. Anayeambiwa kwamba raba zimesafishwa, kioo kinagonga kikiwa nusu tu, na cha upande wa pili ni chepesi, anafungua mlango akijua anachokifuata, na muda wake unalipwa kwa kazi ya kweli. Zipo kazi ambazo nyumbani hazifai kabisa. Mashine ya kioo ya mikono ya chuma huwa na springi iliyokazwa. Ukiitoa mota bila kuifunga mikono kwanza, springi inaachia na kuchapa vidole. Magari yenye mifuko ya hewa ya pembeni yanaweza kuwa na vihisio ndani ya mlango, kwa hiyo anayelazimika kufungua kava achomoe kwanza waya hasi wa betri na asubiri dakika chache. Atakapourudisha, kioo cha mguso mmoja huenda kikasahau kikomo chake. Katika magari mengi ya Toyota dawa ni kukipandisha hadi mwisho na kuendelea kuishikilia swichi sekunde chache. Ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava irudi mahali pake bila kuchanwa. Inazuia maji na vumbi, na mafundi wa haraka ndicho kitu cha kwanza wanachokitupa. Zaidi ya hapo, mpelekee fundi.

Linabaki swali la nani aifanye, na katika mji wa biashara kama Kahama si swali dogo, maana magari mengi ya abiria yanaendeshwa kwa hesabu, yaani kiasi ambacho dereva humpelekea tajiri mwenye gari kila siku. Kelele na vumbi ni vya dereva, bili ya mota ni ya tajiri, na muda wa kusafisha si wa mtu. Dereva anaona kwamba kila dakika aliyoegesha inamla hesabu ya siku. Tajiri anaona kwamba gari limerudi likiwa linatembea, basi. Matokeo yake kioo kinaachwa hadi kife, kisha wanagombana kuhusu nani alikiua. Suluhisho lililo karibu zaidi liko pale gari linapooshwa, kwa kuwa huko linasimama hata hivyo. Kwa sasa kuosha ndiko kunakozidisha ugonjwa: mashine ya maji ya presha inaelekezwa kwenye kingo za vioo, inasukuma vumbi la juu hadi ndani ya mfereji, na gari linaondoka linang'aa likiwa na tope lililojificha. Wakubaliane, tajiri na dereva, kwamba mara moja kwa wiki vioo vyote vishushwe na mifereji ipigwe mswaki mkavu kabla tone la maji halijagusa gari, na ujira wa kijana anayefanya hivyo utoke upande wa tajiri, kwa kuwa mota ni yake. Kazi hiyo haihitaji kifaa kipya, na kijana muosha magari akishaonyeshwa mara moja anaweza kuifanya kwa gari linalofuata na lile la baada yake.